Chekechea Haihitaji Mstari wa Tatu

Desemba 2014, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alisoma hukumu ya kesi iliyofunguliwa na mama mmoja kwa niaba ya mwanawe, ambaye mahakama ilimtaja kwa jina la Mtoto A pekee. Mtoto huyo alizaliwa 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwenye karatasi zake za hospitali, mahali pa kuandika kama ni wa kiume au wa kike, palitiwa alama ya kuuliza, na cheti cha kuzaliwa hakikupatikana. Jaji aliitaka serikali ieleze ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watu kama yeye, na ni hatua gani zimefikiwa katika kutunga sheria ya kuwalinda. Hukumu hiyo imetajwa mara nyingi tangu hapo. Kisichozungumzwa vya kutosha ni umri. Siku iliposomwa, Mtoto A alikuwa wa kwenda chekechea. Mawakili walibishana kuhusu cheti wakati watoto wa rika lake walikuwa tayari wanapangwa mistari miwili uwanjani, wavulana huku na wasichana kule, na katika mistari hiyo alama ya kuuliza haina pa kusimama.

Sheria ya Kenya imepiga hatua kubwa tangu wakati huo. Mwaka 2017 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo kazi la kuchunguza hali ya huntha, yaani watu ambao viungo vyao vya jinsia, homoni au kromosomu haziangukii moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume. Agosti 2019 sensa ya taifa iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524 kati ya watu 47,564,296. Julai 2022 Sheria mpya ya Watoto ilimtaja mtoto huntha waziwazi, ikampa haki ya kuheshimiwa utu wake, kupata matibabu, malezi maalumu na elimu, na ikakataza kumkata au kumbadilisha kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Watu 1,524 wataonekana wachache mno kuandikiwa makala. Lakini hesabu hiyo yenyewe ina kasoro, na kasoro yake inaonekana hata ukiwa mkali. Anne Fausto-Sterling na wenzake waliopiga hesabu pana, yenye kuhusisha hali nyingi za kimaumbile, walipata takriban 1.7 katika kila watoto 100 wanaozaliwa. Daktari Leonard Sax akawapinga mwaka 2002, akaibana tafsiri mpaka akabaki na kama 18 katika kila watoto 100,000. Sina haja ya kuwasuluhisha. Chukua hesabu ya Sax, iliyo ndogo zaidi, uiweke kwenye idadi ya Wakenya wa 2019, utapata watu zaidi ya 8,500. Waliojitokeza mbele ya karani wa sensa hawakufika hata theluthi ya hao. Waliobaki, wengine hawajui hali zao kwa sababu baadhi ya maumbile haya hugunduliwa mtu anapobalehe, na wengine wanajua vizuri sana ila nyumba nzima imekubaliana kunyamaza.

Kunyamaza huko hukutana na mtihani wake wa kwanza mlangoni mwa shule. Kijijini mtoto mdogo huoga na nduguze, huvalishwa na mama au bibi, na siri hubaki ukooni. Akifika PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka minne, kila shughuli inaanza kwa kuuliza upande wake. Fomu ya kumwandikisha inataka me au ke. Katika shule nyingi rejista huandikwa wavulana juu na wasichana chini. Sare ni kaptula kwa huyu na gauni kwa yule. Wakati wa kwenda haja, mwalimu mwenye watoto arobaini na zaidi, asiye na msaidizi, hupiga makofi na kuita wavulana kwanza, wasichana wasubiri. Kwenye kona ya michezo mvulana aliyembeba mwanasesere huambiwa amrudishe, na msichana aliyepanda juu ya gurudumu huambiwa ashuke. Mtoto huntha hupangwa hivyo mara kadhaa kabla ya uji wa saa nne, na kila mara mzazi wake huko nyumbani anajua kwamba pengine leo ndiyo siku. Watoto wa umri huo huchunguliana, si kwa ubaya, ndiyo tabia yao, na vyoo vingi vya chekechea zetu havina milango. Siri ya familia nzima inategemea komeo ambalo halipo. Mzazi aliye katika hali hiyo ana njia chache: amfunze mtoto kubana mkojo mpaka saa ya kurudi nyumbani, amhamishe shule kila tetesi zinapoanza, au asimpeleke kabisa mpaka awe mkubwa wa kujificha mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolingana na elimu ambayo Sheria ya Watoto imemuahidi.

Pendekezo linalowajia haraka watu wenye nia njema ni kuongeza. Iwepo safu ya tatu kwenye fomu, choo cha tatu, mstari wa tatu. Nia naielewa, na kwa serikali inayopanga huduma safu ya tatu ina kazi yake. Bila hiyo hata namba 1,524 tusingekuwa nayo. Ila darasa la watoto wa miaka minne na mitano halifanani na sensa. Katika darasa la watoto arobaini, mstari wa tatu utakuwa na mtoto mmoja. Choo cha tatu kitakuwa choo cha fulani, na kufikia Ijumaa kijiji kizima kitajua ni cha nani na kwa nini. Mtoto aliyesimama peke yake kwenye mstari wake hajajumuishwa, ameanikwa. Ninachokitetea hapa ni hatua ndogo na ya bei nafuu kuliko hiyo, ingawa najua itawaudhi watu wa pande zote mbili: tuondoe mistari. Katika chekechea hakuna shughuli hata moja ya siku nzima inayohitaji watoto wagawanywe kwa jinsia. Wanaweza kupangwa kwa meza, kwa rangi ya vikombe, kwa herufi ya kwanza ya jina, kwa nani amemaliza kuchora. Mgawanyo wa wavulana na wasichana tumeurithi kutoka shule za wakubwa, zenye mabweni na vijana waliobalehe, tukaushusha kwa watoto ambao bado wanafungwa kamba za viatu.

Mgawanyo huo ungekuwa hauna faida wala madhara, ningeuacha. Lakini ushahidi uliopo unasema una madhara, tena kwa watoto wote. Lacey Hilliard na Lynn Liben walichapisha mwaka 2010 utafiti uliofanyika katika chekechea za Marekani, kwa watoto 57 wenye umri wa kati ya miaka mitatu na mitano. Katika baadhi ya madarasa walimu waliombwa, kwa muda wa wiki mbili, wautumie mgawanyo wa jinsia kwa namna nyepesi kabisa: kuwapanga mistari ya wavulana na wasichana, kuwasalimu kwa makundi hayo, kutenga ubao wa kazi za wavulana na wa kazi za wasichana. Hawakuruhusiwa kusema kundi moja ni bora kuliko lingine, wala kuwashindanisha. Madarasa mengine yaliendelea kama kawaida bila mgawanyo. Baada ya wiki mbili watoto waliopangwa kwa jinsia walikuwa wameshikilia zaidi imani kwamba kazi fulani ni za wanaume na fulani za wanawake, waliwapenda wenzao wa jinsia nyingine kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo, na walipungua kucheza nao. Katika madarasa mengine hali haikubadilika. Rebecca Bigler alikuwa ameona jambo linalofanana na hilo mwaka 1995 kwa watoto wa shule ya msingi. Utasema hao ni watoto wa Marekani, na ni kweli. Mtoto wa Kilifi au wa Vihiga ana nyumba nyingine na mafunzo mengine. Lakini utaratibu uliojaribiwa kule ndio huu huu tunaoutumia kila asubuhi, nasi hatuutumii kwa wiki mbili. Tunautumia miaka miwili mizima ya PP1 na PP2, kisha tunashangaa mvulana wa Gredi ya 3 anapokataa kukaa dawati moja na msichana.

Upande mwingine wa ushahidi unatoka Sweden, ambako mtaala wa chekechea wa 1998 uliwaagiza walimu wapinge mazoea ya kuwapangia watoto majukumu kwa jinsia. Chekechea ya Egalia iliyofunguliwa Stockholm mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi ya mtaala, na ikavuta wanahabari wa dunia nzima, wengi wao wakitafuta kichekesho. Watafiti waliolinganisha watoto wa chekechea ya namna hiyo na wa chekechea za kawaida walichapisha matokeo yao mwaka 2017. Watoto wa chekechea hiyo walitambua wavulana na wasichana sawasawa na wenzao. Hakuna aliyekuwa amechanganyikiwa. Tofauti ilikuwa kwamba walikuwa tayari zaidi kucheza na mtoto wasiyemjua wa jinsia nyingine, na hawakuwa wepesi wa kuamua kitu hiki ni cha nani. Kundi lilikuwa dogo, na wazazi wanaochagua shule kama hiyo si wazazi wa kawaida, kwa hiyo sitaupakia utafiti huo mzigo usioubeba. Wala sipendekezi Egalia ihamie Bungoma. Naomba tu msomaji akumbuke neno hilo la kutochanganyikiwa, kwa sababu nitalirudia.

Sasa tufike kwenye pingamizi ambalo kila mhariri analijua kabla hata makala haijachapishwa: kwamba haya yote ni mlango wa kuingizia mapenzi ya jinsia moja katika madarasa ya watoto wadogo. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Katika kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, bodi ya shule iliingiza mwaka 2022 vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja na wenye utambulisho tofauti wa kijinsia, vikiwemo vya watoto wa chekechea. Mwanzoni wazazi waliarifiwa na kuruhusiwa kumwondoa mtoto darasani wakati wa kusomwa. Machi 2023 ruhusa hiyo ikafutwa. Waliojaa barabarani kuandamana walikuwa Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, wengi wao wahamiaji, wakiwemo Waorthodoksi wa Ethiopia. Kesi ya wazazi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 27 Juni 2025 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba wakati shauri likiendelea wazazi hao waarifiwe mapema na watoto wao waruhusiwe kutoka. Ukiisoma habari hiyo bila ushabiki utaona kwamba bodi iliponzwa na uamuzi wake wa Machi zaidi ya vitabu vyenyewe. Baadhi ya wakuu wake wa shule walikuwa wameshaonya kwamba vitabu vingine havikufaa umri wa watoto, na baadaye viwili vikaondolewa. Nguvu ilitumika mahali palipohitaji mazungumzo, na mzazi aliyenyang'anywa taarifa hawezi tena kuaminishwa jambo lolote, hata lililo jema. Kaunti zetu zina cha kujifunza hapo.

Mwaka huo huo wa 2023 hofu ilipamba moto kwetu. Februari, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba serikali ilikosea kukataa kuliandikisha shirika linalotetea watu wa mapenzi ya jinsia moja, na haikuchukua muda viongozi wa dini wakaitwa na Wizara ya Elimu kulishughulikia suala hilo shuleni. Mwezi huo huo Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Mei, Uganda ikapitisha sheria yake kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Katika kelele zote hizo mtoto huntha alitoweka. Ama aliunganishwa na mambo ya watu wazima asiyoyajua, au alisahauliwa kabisa. Ninachopendekeza hakina kitabu, hakina wimbo, hakina mgeni wa kuja kuzungumza na watoto, wala hakimfundishi mtu wa miaka minne habari za nani ampende nani. Mtoto wa umri huo hana somo la mapenzi analolihitaji, la aina yoyote ile, na ningesema hivyo hivyo kwa harusi ya maigizo ambayo baadhi ya shule hupenda kuifanya siku ya wazazi. Hata hivyo kuna njia ya mkato ambayo baadhi ya watetezi wa huntha wameipenda, nami siiafiki. Wanasema: hawa ni viumbe wa Mungu wasio na hatia, si kama wale. Kumnunulia mtoto mmoja usalama kwa kumtupa mwingine nje ni biashara mbaya, hasa chekechea, ambako hakuna anayejua yule mvulana mpole anayependa kusuka nywele za mwanasesere atakuwa nani akikua. Pengine kinyozi. Mwalimu anatakiwa kuzuia asichekwe leo. Hilo la leo linatosha, na halimhitaji mwalimu apige ramli.

Wapo watakaosema dini haina nafasi ya jambo hili. Wangetazama vitabu vyao kwanza. Fiqhi ya Kiislamu inamjua huntha kwa karne nyingi. Vitabu vya mirathi vina milango inayoeleza atarithi vipi, na Ibn Qudama katika Al-Mughni anajadili hukumu zake kwa kirefu bila kutahayari. Injili ya Mathayo, katika sura ya 19, inawataja waliozaliwa wakiwa matowashi tangu tumboni mwa mama zao, na inawataja bila lawama. Msomaji makini atanikamata hapa. Atasema mafakihi walimpa huntha safu yake katika sala, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, kwa hiyo mstari wa tatu una asili yake na mimi ninaupinga bure. Hoja hiyo ina uzito na naiheshimu. Jibu langu ni kwamba safu za sala hutenganisha wanaume na wanawake kwa sababu zilizomo ndani ya ibada yenyewe, na mwanazuoni aliyekuta mgawanyo huo tayari upo na una hukumu yake alijiuliza namna ya kumtafutia mtu mahali badala ya kumfukuza. Kwenda kunawa mikono kabla ya uji si ibada. Hapo hakuna hukumu ya kuhifadhi, na anayetaka kufuata roho ya wale mafakihi atauliza walilouliza wao: huyu apate vipi mahali pake bila kudhalilika? Kwa mtoto wa miaka minne mahali hapo ni katikati ya wenzake.

Turudi kwenye kuchanganyikiwa. Mzazi anaweza kuuliza, bila nia mbaya, kama mtoto asiyepangwa kwa jinsia atajijua. Atajijua. Watoto wengi hujitaja kama wavulana au wasichana kufikia miaka mitatu, na hawangojei mwalimu awapange mstari. Hakuna anayeyafuta maneno mvulana na msichana katika lugha ya darasa. Mama atamwita binti yake binti, na mwalimu akiulizwa atajibu. Kigumu katika umri huu ni kitu kingine, alichokieleza Lawrence Kohlberg tangu 1966: mtoto mdogo hajaelewa bado kwamba jinsia haibadiliki kwa kubadili nguo au nywele. Kwake yeye msichana aliyenyolewa anaweza kuwa amegeuka mvulana, na mvulana aliyevaa waridi amegeuka msichana. Ndiyo maana watoto wa chekechea ni wakali mno kuhusu nguo, rangi na vitu vya kuchezea, wakali kuliko watoto wa miaka tisa. Wanailinda mipaka ambayo hawana hakika nayo. Kuwapigia mistari zaidi kunauchochea ukali huo, na anayeumia kwanza ni yule ambaye mwili wake hauko upande wowote.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi ya yote linatoka kwa huntha wenyewe na mashirika yao. Wanasema miaka mingi ya kupigania kuhesabiwa haiwezi kuishia kwenye darasa lisilouliza. Kutouliza ndiko kulikowaficha. Wana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini kuna tofauti kati ya kujulikana na serikali na kujulikana na darasa. Mtoto mwenye hali inayoitwa kitaalamu haipaplasia ya adrenali, ambayo ni mojawapo ya sababu za msichana kuzaliwa na viungo vinavyoonekana vya kiume, huenda mwili wake unapoteza chumvi, na akiugua homa au kuhara bila dawa yake ya homoni anaweza kufa. Mwalimu wake lazima ajue, na ajue nini cha kufanya saa hiyo hiyo. Taarifa hiyo iwe kwa mwalimu na mwalimu mkuu, kwa idhini ya mzazi, imefungiwa pamoja na taarifa za watoto wenye pumu na kifafa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya na za jinsia ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na shule haijasamehewa. Takwimu ziende wizarani zikiwa hazina jina. Rejista inayoachwa wazi mezani, ambayo mtoto yeyote mjuzi wa kusoma anaweza kuifungua, haifai kuwa mahali pa mtu kutambuliwa.

Nani afanye haya? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja Nairobi. Kaunti 47 zina uwezo wa kubadilisha fomu zao za kuandikisha kabla ya muhula wa Januari: sehemu ya jinsia ijazwe kama ilivyo kwenye cheti, ibaki kwenye faili, isinakiliwe kwenye rejista ya darasani. Mafunzo ya walimu yanahitaji nusu siku, na sehemu kubwa ya nusu siku hiyo itahusu namna ya kuwaongoza watoto arobaini kwenda kunawa bila kupiga kelele za wavulana na wasichana, ambalo ni swali la ufundi wa kazi kama mengine. Walimu wa chekechea, ambao malipo yao ni aibu ya kaunti nyingi, wasiongezewe fomu nyingine ya kujaza kwa ajili hii. Sare iwe moja, suruali fupi au ndefu kwa wote wanaotaka, na gauni kwa mzazi anayelipenda. Palipo na gharama ya kweli ni vyoo. Viwango vya shule zetu vinataka tundu moja kwa kila wasichana 25 na moja kwa kila wavulana 30, na kwa wanafunzi wakubwa hesabu hiyo ina maana yake. Kwa PP1 na PP2 kaunti inayotangaza zabuni ya darasa jipya mwaka huu iandike katika michoro vyumba vidogo vya mtu mmoja mmoja, vya kimo cha mtoto, visivyo na alama ya jinsia, kila kimoja na mlango wenye komeo jepesi ambalo mtoto anaweza kulifunga kwa ndani na mwalimu akaweza kulifungua kwa nje. Na mkaguzi asiidhinishe malipo ya mkandarasi mpaka milango hiyo iwe imetiwa.